Kwa Nini Mpasuko wa Tetemeko Huishia Mahali Fulani?

Mkazi wa Mogogosiek anayepasua kuni za mkaratusi anajua kwamba gogo lililonyooka hupasuka upesi hadi mwisho, lakini ufa ukifika kwenye kifundo hukwama. Miamba iliyo chini ya ardhi ina tabia inayokaribiana na hiyo.

Tetemeko hutokea miamba inapoteleza ghafla kwenye ufa uliopo tangu zamani. Mpasuko huanzia sehemu moja, kisha huufuata ufa kwa kasi ya kilomita mbili hadi tatu kwa sekunde. Kadiri unavyokwenda mbali, ndivyo tetemeko linavyokuwa kubwa.

Mara nyingi, kinachousimamisha ni umbo la ufa. Ufa ulionyooka huuachia njia. Ufa ukipinda, au ukikatika na kuanza tena kilomita kadhaa kando, mpasuko hupungua nguvu na huweza kuishia hapo.

Mnamo Januari 6, 1928, tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilitokea Subukia, katika Kaunti ya Nakuru ya sasa. Ndilo kubwa zaidi kurekodiwa nchini Kenya. Ardhi ilipasuka kwa takriban kilomita 38, na mahali pengine ikadidimia zaidi ya mita mbili.

Nyufa za Bonde la Ufa, lililo mashariki mwa Kaunti ya Bomet, zimekatika vipande vipande. Kimoja kikiishia, kingine huanza kando yake. Ndiyo maana wataalamu huchora ramani za nyufa hizo: urefu wa kipande huwasaidia kukadiria ukubwa wa tetemeko linaloweza kutokea.

Hata hivyo, pengo si ukuta. Mwaka 2016 huko New Zealand, mpasuko uliruka kutoka ufa mmoja hadi mwingine, ukapita zaidi ya nyufa kumi na kuzaa tetemeko la ukubwa wa 7.8. Isitoshe, mtikisiko husikika mbali sana na pale mpasuko ulipoishia.

Kwa hivyo wakazi wanashauriwa:

- Nyumba ikitikisika, inama, jikinge chini ya meza imara na uishikilie hadi mtikisiko utulie. Usikimbilie mlangoni.
- Ukiwa shambani, kaa mbali na kuta, nyaya za umeme na kingo za miteremko.
- Unapojenga kwa mawe au matofali, mwambie fundi afunge kuta kwa mkanda wa zege wenye vyuma.