Kutunza Ujuzi wa Kuzamia Baada ya Mafunzo

Kutoka Somanda, mjini Bariadi, hadi Lamadi kwenye ufuko wa Ziwa Victoria ni mwendo wa kiasi cha kilomita 70. Mkazi wa Somanda aliyefuzu kuzamia kwa mtungi wa hewa aweza kumaliza msimu mzima wa pamba bila kuyaona maji ya ziwa. Cheti atakuwa nacho bado, lakini mikono itakuwa imeanza kusahau kazi. Je, ni wajibu wa nani kuutunza ujuzi huo?

Jambo hili ni la kufa na kupona. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa humo mtu mmoja akiwa hai. Mwito wa namna hiyo haumpi mzamiaji nafasi ya kurudi darasani.

Maumbile yenyewe ndiyo yanayodai mazoezi. Hewa ikipunguziwa kanieneo hutanuka. Uso wa Ziwa Victoria uko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapo ni pungufu kuliko ya pwani. Kwa hiyo lita 3 za hewa zilizovutwa kwenye kina cha mita 10 huzidi lita 6 zifikapo juu. Mzamiaji anayeziba pumzi kwa hofu huku akipanda aweza kupasuka mapafu. Aidha, majedwali ya kuzamia yaliyotungwa kwa ajili ya bahari hayana budi kurekebishwa kabla ya kutumiwa ziwani.

Mwalimu huwajibika siku za mafunzo. Mwajiri huwajibika kutoa vifaa na muda. Lakini kujipima ni wajibu wa mzamiaji mwenyewe. Hana budi kufanya haya:

1. Akiwa nchi kavu, hata pale Somanda, afunge na kufungua vifaa, akague mtungi na kipimo chake cha hewa, na arudie ishara za mikono pamoja na mwenzake.

2. Katika maji ya kina kifupi, mbele ya mkufunzi, atoe maji yaliyoingia kwenye miwani, arudishe mdomoni kifaa cha kupumulia kilichochopoka, na apumue kwa hewa ya mwenzake.

3. Apande polepole, asizidi mita 9 kwa dakika, akipumua wakati wote.

4. Aandike kila zoezi na tarehe yake. Ikiwa miezi mingi imepita, akatae kuzama mpaka ajizoeze tena. Kukataa huko si woga, kwani mzamiaji aliyesahau kazi huongeza idadi ya watu wa kuokolewa.

Basi, ndugu msomaji uliye na cheti, fungua daftari lako leo: mara ya mwisho ulifanya mazoezi lini?