KUMREJESHA NDUGU BILA KUMWAIBISHA

Kusoma: Mathayo 18:15-17, 2 Samweli 12:1-13



Hapa tunapoishi, nyumba zimebanana na habari haifichiki. Mama akishukiwa kuchukua mgao mara mbili, anazomewa mbele ya foleni nzima. Binti akipata mimba, jina lake linatajwa ibadani. Baadaye mama haji tena kuteka maji pamoja na wenzake, na binti haji tena kanisani. Tulitaka kuondoa kosa, lakini tumempoteza mtu.

1. Neno linasemaje?
Yesu anatupa hatua tatu. Kwanza, wewe na ndugu yako peke yenu. Pili, pamoja na shahidi mmoja au wawili. Mwisho ndipo kanisa. Sisi mara nyingi tunaanzia mwisho.

Nabii Nathani alitumwa kwa mfalme aliyechukua mke wa Uria na kumwua mumewe. Hakusimama sokoni kupiga kelele. Aliingia kwa Daudi, akamweleza habari ya maskini aliyenyang'anywa mwana-kondoo wake wa pekee. Daudi alikasirika, akatoa hukumu. Ndipo Nathani akamwonyesha kwamba mtu huyo ni yeye. Ukweli wote ulisemwa, na Daudi akatubu.

2. Mfano wa Bujumbura
Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, mitaa ya Bujumbura ilianza kugawanyika: Kamenge ikawa ya Wahutu, Ngagara ya Watutsi. Kwa jirani zetu Rwanda, mwaka 1994, redio ya RTLM ilitaja majina ya watu hewani, nao wakawindwa.

Mwaka 1995 ilianzishwa Studio Ijambo hapo Bujumbura. Waandishi wake, Wahutu na Watutsi, walitafuta habari pamoja. Mwaka 1997 ulianza mchezo wa redio wa Kirundi, Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye jamaa, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri. Ulihusu familia mbili jirani, moja ya Kihutu na moja ya Kitutsi. Kipindi kingine kilieleza habari za watu waliohatarisha maisha yao kuokoa wa kabila lingine. Msikilizaji hakutukanwa, alionyeshwa kwamba njia nyingine ipo. Redio peke yake haikumaliza vita, lakini ilisaidia watu kuanza tena kusikilizana.

3. Tufanye nini?
- Tumwendee mhusika kabla ya kuwaambia wengine.
- Tuulize kwanza, tusikilize. Huenda mgao wa pili ulikuwa wa jirani mgonjwa.
- Tulitaje kosa waziwazi, lakini tusimwite mtu kwa jina la kosa lake.
- Tumsaidie kurekebisha, kisha tusirudie habari hiyo.

Tuangalie: upole si kuficha uovu. Mtoto au mwanamke akidhulumiwa, hatumpeleki kuzungumza faraghani na aliyemdhulumu. Tunamlinda kwanza, na kutoa taarifa mara moja kwa wanaohusika na ulinzi.

Maswali ya kujadili nyumbani
1. Ni nani aliyeacha kuja kati yetu kwa sababu ya aibu?
2. Nani kati yetu atamtembelea juma hili, na atamwambia nini?

Mungu awabariki.