"Dizeli Safi" au "Dizeli Mseto"? Tatizo la Istilahi Mjini Mombasa

Katika miaka ya 1980, ethanoli ya molasi kutoka Muhoroni ilichanganywa na petroli nchini Kenya. Makala haya yanachunguza jina litakalofaa iwapo ethanoli itatiwa katika dizeli ya malori ya Kilindini na matatu za Barabara ya Digo, kandokando ya Mji wa Kale.

Kikemia, ethanoli ina oksijeni inayosaidia dizeli kuungua vyema, hivyo masizi hupungua. Hata hivyo, hujitenga na dizeli, hasa maji yanapoingia, isipotiwa kiungo cha kuzishikanisha. Aidha, mchanganyiko huo hushika moto kwa wepesi kuliko dizeli ya kawaida.

Kuuita "dizeli safi" kunazua utata. Kwa mwanamazingira, "safi" ni isiyochafua hewa. Kwa dereva, ni isiyotiwa kitu kingine. Maana hii ya pili ina mashiko: mwaka 2018 Kenya ilitoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuzuia uchakachuaji. Utingo akiambiwa "dizeli safi" ataishughulikia kama ile aliyoizoea, na moto unaweza kumdhuru.

Inapendekezwa "dizeli mseto". Mseto ni chakula cha mchele na pojo vilivyopikwa pamoja. Neno hilo hudhihirisha mchanganyiko bila kudai usafi. Pamoja na jina hilo, tahadhari ya moto iandikwe kwenye pampu kwa Kiswahili kinachoeleweka.