MWOSHA VYOMBO ALIYEKUWA MWIGIZAJI MASHUHURI

Ndugu msomaji, je, umewahi kuona haya kusoma mbele ya watu? Leo tusome habari za Sidney Poitier. Yeye alifukuzwa kwa kutojua kusoma vizuri.

Poitier alizaliwa mwaka 1927 huko Miami, Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa nyanya katika kisiwa cha Cat Island, nchi ya Bahamas. Huko ndiko alikokulia. Shule alisoma muda mfupi tu.

Alipofika miaka 15 alipelekwa Marekani kwa kaka yake. Baadaye akaenda New York. Hakuwa na fedha wala ujuzi. Akapata kazi ya kuosha vyombo.

Afukuzwa

Siku moja aliona tangazo. Kikundi cha michezo ya kuigiza cha watu Weusi kilitafuta waigizaji. Akaenda. Akapewa karatasi asome kwa sauti. Lo! Alisoma kwa kukwamakwama, tena kwa lafudhi ya kisiwani. Bwana aliyemjaribu akamtoa nje. Akamwambia akatafute kazi ya kuosha vyombo. Kumbe ndiyo kazi aliyokuwa nayo! Maneno yale yalimchoma.

Basi, akanunua redio. Akawa anasikiliza watangazaji na kuiga matamshi yao.

Mzee na gazeti

Mgahawani alikofanya kazi palikuwa na mzee mmoja Myahudi, mhudumu wa mezani. Usiku mmoja mzee alimkuta na gazeti. Akamwuliza kuna habari gani. Poitier hakuficha. Alisema hawezi kusoma vizuri.

Tangu hapo, kila usiku kazi ikiisha, mzee alikaa naye. Alimfundisha maana ya maneno. Alimweleza hata kazi ya mkato na nukta.

Poitier akarudi kwenye kile kikundi. Akakubali kufagia na kusafisha ili apate mafunzo. Mwaka 1950 alicheza sinema kama daktari. Siku zile Weusi wengi walipewa nafasi za watumishi au za kuchekesha tu. Yeye alikataa nafasi za kudhalilisha. Mwaka 1964 alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora. Alikuwa mwanamume Mweusi wa kwanza kuipata. Katika televisheni aliigiza kama Nelson Mandela mwaka 1997. Mwaka huohuo akawa Balozi wa Bahamas nchini Japani. Alifariki tarehe 6 Januari 2022, akiwa na miaka 94.

Jambo moja lilimsikitisha. Alipopata jina, alimtafuta mzee yule amshukuru. Hakumpata.

Ndugu msomaji, kuuliza si ujinga. Mzee yule hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa na gazeti na moyo wa kusaidia. Nawe gazeti unalo mkononi.

Maswali

1. Kwa nini Poitier alifukuzwa?
2. Mzee alimsaidia namna gani?
3. Nani alikufundisha kusoma? Umemshukuru?
4. Je, jirani yako asiyejua kusoma utamsaidiaje?