SIKUKUU YA ORKESTRA: TUNAKUMBUKA NANI?
(Somo juu ya tarehe 6 Juni na O.K. Jazz)



Katika somo hili tunataka kuchunguza jambo moja ambalo kila mtu analiona, lakini wachache wanajiuliza juu yake. Watu wanaopenda orkestra fulani wanakusanyika siku ya kuzaliwa kwake. Wanavaa nguo nzuri, pengine kitenge cha namna moja. Wanapiga diski za kale. Wazee wanacheza polepole, vijana wanatazama, kiisha wanaingia nao. Kila mwaka ni vile. Basi tunauliza: siku ile, wale watu wanakumbuka nani?

Kwa mfano tumechagua O.K. Jazz, sababu wazee wetu wengi wanajua jina hili, na sababu tarehe yake inajulikana.

Pengine mmoja wenu atasema: «Haya ni mambo ya bar, haiko mambo ya masomo.» Tunamjibu kwa upole. Hatumtumi mwanafunzi ku bar. Lakini historia ya inchi haikuandikwa mu maofisi peke yake. Ingine iliandikwa juu ya diski. Na tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Congo kati ya mali ya utamaduni ya watu wote wa dunia. Inchi zote mbili za Congo, yetu na ile ya Brazzaville, ndizo ziliomba pamoja. Kama dunia inajifunza mambo yetu, si haya sisi wenyewe kubaki bila kuyajua?

1. SIKU NA FASI

Tarehe 6 Juni 1956, mu Léopoldville (ndiyo Kinshasa ya leo), kundi la vijana lilipiga muziki mu bar moja iliyoitwa O.K. Bar. Mwenye bar aliitwa Oscar Kashama. Herufi O na K zilitoka katika jina lake, na orkestra ikachukua jina la fasi: O.K. Jazz. Muone vizuri: jina ambalo watu wanalishangilia mpaka leo lilitoka kwa mtu ambaye hakupiga hata gitare moja.

Vijana wale hawakukutana siku ile kwa mara ya kwanza. Wengi walikuwa wamezoeana mu studio Loningisa, ya wafanyabiashara Wagiriki, ndugu Papadimitriou. Studio ndiyo ilikuwa na mashine ya kushika sauti, na mara nyingi hata vyombo vya muziki. Kijana mwenye kipaji lakini bila mali alipaswa kupita pale. Basi orkestra haikuanguka kutoka mbinguni. Ilitoka katika kazi ya siku kwa siku, kati ya watu waliojifunza kusikilizana mbele ya kusikilizwa na wengine.

2. WATU WA SIKU YA KWANZA

Kila mtu anajua jina moja: Franco, ni kusema Luambo Makiadi. Alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 ku Sona-Bata, fasi inayojulikana tena kwa misioni ya Wabaptisti. Baba yake alikufa mapema. Mama yake aliuza mikate sokoni mu Léopoldville, na mtoto alipiga gitare pale karibu kwa kuvuta wanunuzi. Mfanye hesabu: tarehe 6 Juni 1956 alibakiza mwezi mmoja kutimiza miaka 18. Umri wake ulikuwa sawa na wa wakubwa wetu wa darasa la sita.

Lakini hakuwa peke yake, wala siye aliongoza. Mkubwa wa orkestra mwanzoni alikuwa Jean Serge Essous, mpigaji wa klarineti na saksofoni. Kulikuwa Rossignol, mwimbaji. Kulikuwa De la Lune, kulikuwa Roitelet, kulikuwa Pandi na Dessoin ku ngoma. Vicky Longomba, mwenye sauti ile tamu, anahesabiwa pamoja nao. Orodha za wanahistoria zinatofautiana kidogo, lakini majina haya yanarudi mara nyingi.

Tena tuone jambo lingine. Essous, Pandi na De la Lune walitoka Brazzaville, ng'ambo ya mto. Wakati ule mto haukutenga sana wapiga muziki: mtu alivuka kwa kutafuta kazi, akarudi, akavuka tena. Basi orkestra ambayo wengi wanaiita ya Kinshasa ilizaliwa na watoto wa ng'ambo zote mbili.

3. WALE WALITOKA

Haikupita hata miaka miwili, wengine walitoka. Essous na Rossignol walikwenda ku studio ingine, Esengo, na wakapiga mu kundi lililoitwa Rock-a-Mambo. Kiisha, mwaka 1959, Essous na wenzake wa Brazzaville walirudi kwao wakaanzisha Les Bantous de la Capitale. Tarehe yao ni 15 Agosti 1959, na fasi yao ilikuwa Chez Faignond, mu Poto-Poto. Mwaka moja kamili nyuma, tarehe 15 Agosti 1960, inchi yao ikapata uhuru. Kwa hiyo ku Brazzaville kila mwaka sikukuu ya orkestra na sikukuu ya inchi zinaangukia siku moja.

Hata Vicky Longomba hakukaa sikuzote. Mwanzo wa mwaka 1960 alikwenda Bruxelles pamoja na African Jazz ya Joseph Kabasele, wakati viongozi wetu walikuwa mu mkutano wa Meza ya Mviringo juu ya uhuru. Alirudi O.K. Jazz, kiisha akatoka tena mwaka 1970. Verckys, mpigaji wa saksofoni, alitoka mwaka 1969 akaanzisha Orchestre Vévé.

Je, wale walitoka walikuwa waasi? Wapenzi wengine wanawatendea vile: siku ya sikukuu hawataji majina yao. Sisi tunaona ingine. Mtu anayetoka haondoi yale aliyoweka. Nyimbo walizopiga zilibaki, na namna waliyofundisha wadogo ilibaki. Tena kila nafasi iliyobaki wazi iliingiza mtu mpya. Ni hivi Simaro Lutumba aliingia mwaka 1961, akawa mtungaji mkubwa, akabaki mpaka baada ya kifo cha Franco. Orkestra ni sawa na mto Congo: maji yanapita, jina linabaki. Lakini bila maji jina lile litakuwa la nini?

4. TAREHE MBILI

Sasa tufike ku moyo wa somo letu.

Orkestra yenyewe ilijua kuhesabu miaka yake. Mwaka 1976 walitoa diski mbili za kukumbuka miaka 20, na tarehe 6 Juni iliandikwa juu ya karatasi lao. Karibu na mwaka 1981 walitoa diski ine za robo ya karne. Wakati ule jina lao lilikuwa T.P. O.K. Jazz, «T.P.» ni kusema «Mwenye Uwezo Wote» kwa Kifaransa, na walikuwa wengi kushinda mara mbili ya hesabu ya mwanzo. Wimbo Mario wa mwaka 1985 ulisikiwa mpaka Nairobi, kwa watu wasiojua neno la Lingala. Na mwaka 1987 Franco alitoa Attention na Sida, kwa kuonya watu wa kila namna juu ya ugonjwa ule ambao wengi waliogopa hata kuutaja.

Franco alikufa ku Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989. Inchi yote, ambayo iliitwa Zaire wakati ule, ililia siku ine kwa amri ya serikali. Tangu siku ile wapenzi wako na tarehe mbili: 6 Juni, kuzaliwa kwa orkestra, na 12 Oktoba, kifo cha Franco.

Na mmoja wa wale wawili alimeza mwenzake. Mwezi wa kumi watu wengi wanajua ni siku gani. Mwezi wa sita ni wachache wanaokumbuka. Tena hata wale wanaokumbuka, mara nyingi wanafanya 6 Juni kama vile ni 12 Oktoba ya pili: picha moja, jina moja, hotuba juu ya mtu mmoja.

Hatusemi Franco hakustahili. Aliongoza kwa miaka mingi, alitunga nyimbo nyingi sana, hakuacha kazi. Hakuna anayeweza kumwondolea heshima ile. Lakini tarehe 12 Oktoba ni ya mtu mmoja, na tarehe 6 Juni ni ya watu wengi. Kama tunazichanganya, tunawaua wale wengine mara ya pili.

Matokeo yalionekana. Baada ya kifo cha Franco orkestra iliendelea na Simaro miaka michache. Kiisha wapiga muziki na jamaa ya marehemu hawakupatana, na mwaka 1994 Simaro na wenzake walikuwa mu orkestra mpya, Bana O.K., ni kusema «watoto wa O.K.». Wakati jina la kundi linakuwa jina la mtu mmoja, siku mtu yule anakufa swali linakuja mara moja: hii kazi ni ya nani? Ya jamaa yake, ao ya wale waliofanya naye? Heri kulijibu wakati wote wangali wazima.

5. GITARE YA KATIKATI

Kwa kuelewa vizuri, tusikilize muziki yenyewe. Mwalimu anaweza kupigisha wimbo mmoja mu darasa.

Kwanza waimbaji wanaimba polepole, na maneno yanasikika. Kiisha wanaacha nafasi kwa gitare, na mchezo unapata moto: ndiyo sebene. Pale mjaribu kutenga gitare moja na ingine. Ya juu, inayoruka, ni solo. Ya chini, inayoshika njia, ni ya kusindikiza. Kati yao kuna ingine, wapiga muziki wanaiita mi-solo. Inarudia maneno mafupi, tena na tena, na inaunganisha ile ya juu na ile ya chini.

Mtu asiyezoea hasikii mi-solo. Anasikia solo tu, anasema: «Ule anajua!» Lakini kama mi-solo inanyamaza, hata yeye ataona kitu fulani kimeanguka, na hatajua ni kitu gani. Mpenzi wa kweli ni yule anayeweza kusema: «Pale katikati, ni fulani anapiga.» Tunaona sikukuu nzuri ingekuwa vile: siku ya kusikiliza gitare ya katikati na kutaja jina la mpigaji.

6. SISI TUTAFANYA NINI?

Masomo yetu nayo yanafanya yubile. Makwaya yetu yanahesabu miaka. Siku ile tutasoma majina ya wakubwa, na ni vema. Lakini nani alifyatua matofali ya darasa la kwanza? Nani alipikia wanafunzi? Nani alifundisha sauti ya tatu mu kwaya, kiisha akahamia mji mwingine na hakuna aliyemtaja tena? Wale nao ni mi-solo.

Basi tunapendekeza kazi hii kwa kila darasa. Chagueni kwaya moja ao kundi moja la muziki la kale la mtaa wenu. Muulize wazee watatu, kila mtu peke yake: lilianza siku gani, fasi gani, na nani walikuwapo? Muandike kila jibu, na siku mliyolisikia. Kiisha mlinganishe. Jina ambalo wote watatu wanataja, liandikeni. Jina ambalo mmoja tu anataja, msilifute: liandikeni kando, na murudi kuuliza. Mara nyingi ndilo la yule aliyetoka mapema.

Mufanye mbio. Simaro alikufa tarehe 30 Machi 2019. Wengi wa wale waliopiga tarehe 6 Juni 1956 hawako tena wa kuulizwa. Hesabu ya miaka ni rahisi, 2026 inatimiza 70. Lakini miaka inajihesabu yenyewe; majina hayajiandiki. Mzee anayekaa leo mbele ya nyumba yake mu mtaa wenu anajua majina ambayo hakuna karatasi inayoyajua. Yeye hatangoja yubile yenu.

MAULIZO YA KUJIFUNZA

1. Jina O.K. Jazz lilitoka wapi? Linatufundisha nini juu ya watu wanaosaidia bila kupiga muziki?
2. Mtaje watu watano wa mwanzo wa orkestra, bila kutaja Franco.
3. Kwa sababu gani 15 Agosti ni siku kubwa mara mbili ku Brazzaville?
4. Mtu aliyetoka mu kundi, je, jina lake lisomwe siku ya sikukuu? Mzungumze juu ya jambo hili mu darasa. Mmoja aseme ndiyo, mwingine aseme hapana, na kila mtu alete sababu.
5. Kwenu nyumbani, ao mu kwaya yenu, nani ni gitare ya katikati? Je, mumekwisha kumwambia?