Kinundu Juu ya Pua

Swali: Msomaji wa Malindi aliyeanguka na bodaboda anauliza iwapo kinundu kilichotokea juu ya pua yake huondolewa.

Jibu: Kinundu hicho ni mfupa au gegedu, yaani tishu ngumu inayopindika, na ingawa wengi hukirithi, hutokea pia mfupa uliovunjika unapounga vibaya. Mfupa hurudishwa kwa urahisi ndani ya wiki 2 za mwanzo. Lakini pua ikiziba kabisa baada ya pigo, huenda damu imekusanyika kwenye ukuta wake wa kati, hali ambayo, isipotibiwa, huua gegedu kwa siku chache. Wiki hizo zikipita, daktari bingwa wa pua husubiri miezi 6 au zaidi, kisha hukichonga. Kinundu kisichozuia pumzi hakilazimu upasuaji.