Je, Simu ya Kitochi Yatosha kwa Maisha ya Leo?

Katika kata ya Kipawa, jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, si ajabu kumwona fundi au mama lishe mwenye simu ndogo ya vitufe, iitwayo "kitochi" au "kiswaswadu". Katika nchi za Magharibi, simu zenye kazi chache zinatafutwa upya na watu waliochoshwa na simu janja. Kampuni ya Light ya New York ilianza kuwapelekea wanunuzi simu za namna hiyo mwaka 2017. Kinachouzwa huko kuwa ni dawa ya usumbufu, hapa ni chombo cha kawaida. Swali linalomkabili mzazi mwenye mtoto wa sekondari ni hili: je, chombo hicho chatosha?

Kazi zake

Ujumbe mfupi mmoja huchukua baiti 140, yaani biti 1,120. Kila herufi ya kawaida hutumia biti 7. Kwa hiyo ujumbe hubeba herufi 160. Huduma za fedha hutumia njia iliyo karibu na hiyo. Mtu abonyezapo namba zenye nyota na reli, simu huwasiliana na mtambo wa kampuni kupitia njia ya ishara za mtandao, bila intaneti. Kutohitaji intaneti ndiko kulikoiwezesha M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kuwafikia wenye simu za bei ndogo. Kwa njia hiyo mkazi wa Kipawa hutuma fedha kijijini, na hununua umeme wa LUKU na kupokea tarakimu 20 za kuingiza katika mita.

Matumizi ya nishati

Ichukuliwe kwamba betri ya kitochi ina ampea-saa 0.85 na volti 3.7. Nishati yake ni 0.85 × 3.7, yaani wati-saa 3.1 hivi. Ikidumu siku 5 (saa 120), wastani wa nguvu inayotumika ni wati 0.026. Betri ya simu janja yenye ampea-saa 5 na volti hizo hizo ina wati-saa 18.5, ikidumu siku moja, wastani ni wati 0.77, karibu mara 30 zaidi. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutokana na kioo kikubwa chenye mwanga, kichakato chenye kasi na mawasiliano ya intaneti yasiyokoma. Umeme ukatikapo, tofauti hiyo huonekana dhahiri.

Umakini wa mwanafunzi

Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Adrian Ward wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walieleza kwamba simu janja iliyo mezani, hata isipotumiwa, hupunguza uwezo wa akili wa kufanya kazi. Baadhi ya tafiti zilizofuata hazikupata matokeo hayo. Hata hivyo, si lazima kusubiri mjadala huo uishe ili kutambua kwamba kifaa kisicho na video humpa mwanafunzi kishawishi kimoja pungufu.

Mipaka yake

Kitochi hakimkingi mtu na matapeli wanaotuma ujumbe wa kuomba fedha. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu hufanywa kwa mtandao. Mwenye kitochi hulazimika kwenda kwenye steshenari yenye kompyuta. Aidha, kitochi cha zamani hutegemea mtandao wa kizazi cha pili (2G). Nchini Marekani, kampuni ya AT&T ilizima mtandao wake wa aina hiyo mwanzoni mwa mwaka 2017. Mahali utakapozimwa, simu hizo zitanyamaza hata zikiwa nzima.

Hitimisho

Kwa kupiga simu, kutuma fedha na kununua umeme, kitochi chatosha. Kwa masomo na huduma za mtandao, hakitoshi peke yake. Kaya yaweza kutumia simu janja moja kwa pamoja, kwa saa maalumu, na kila mmoja akabaki na kitochi chake. Hivyo chombo kitamtumikia mtu, wala mtu hatakitumikia chombo.

Maswali

1. Ujumbe wa herufi 400 ungehitaji angalau jumbe ngapi za herufi 160?
2. Kokotoa nishati ya betri yenye ampea-saa 1.2 na volti 3.7.
3. Orodhesha kazi za simu nyumbani kwenu kwa siku moja. Ni zipi zisizowezekana kwa kitochi?